Kiungo Kidogo, Hasara Kubwa: Uchaguzi wa Viunganishi vya Umeme wa Injini Katika Hewa ya Pwani

Katika gereji za Tanga, Muheza na Pangani si jambo geni kuona gari moja likizaliwa kutokana na magari mawili. Fremu na bodi ni za Land Rover ya zamani; injini ni ya Toyota au Nissan, iliyofika nchini baada ya kutumika huko Japani. Fundi hutengeneza viegemeo vipya vya injini, hupima na kukata shafti, huhamisha rejeta, na baada ya siku kadhaa gari lililokuwa limelala chini ya mwembe hunguruma na kuondoka. Kazi hiyo yastahili heshima. Ni uhandisi halisi, ingawa hufanywa pasipo michoro na mara nyingi pasipo vitabu.

Hata hivyo, ustadi huo mara nyingi hukoma pale waya za umeme zinapoanza. Fundi aliyepima shafti kwa uangalifu mkubwa humenya ncha mbili za waya, huzisokota kwa vidole, huzivisha utepe mweusi, na kuihesabu kazi kuwa imekwisha. Au huchukua kiunganishi chochote kilichopo mkononi, ambacho wengi hukiita soketi, akakifunga bila ya kuuliza kinaweza kubeba mkondo kiasi gani, au kama maji yataingia. Hoja ya makala haya ni kwamba desturi hiyo ni ghali mno kwa watu wa pwani. Kiunganishi ni sehemu ya injini kama ilivyo pete ya pistoni. Yafaa kichaguliwe kwa vipimo, kifungwe kwa chombo kilichokusudiwa, na bei yake iingizwe katika hesabu tangu siku ya kwanza.

INJINI YA ZAMANI NA INJINI YA LEO

Ipo sababu ya haki kwa nini mafundi wa miaka ya nyuma hawakuhangaika sana na jambo hili. Injini ya dizeli ya zamani, ambayo pampu yake ya mafuta huendeshwa na injini yenyewe, ilihitaji umeme wa kuzungusha stata, umeme wa kupasha moto vyumba vya mwako, na pengine waya mmoja wa kufungua njia ya mafuta. Ikishawaka, iliendelea na safari hata kama nusu ya waya zake zilikuwa zimeoza. Injini ya petroli yenye kabureta na distribyuta nayo ilitumia waya chache, na nyingi ya hizo zilifanya kazi kwa volti 12 za betri. Kiungo kibovu kilionekana kwa macho: taa ilififia, au honi ilikosa sauti.

Injini zinazopandishwa leo katika bodi za zamani ni za namna nyingine. Ndani yake mna kompyuta inayoamua kiasi cha mafuta na wakati wa kuyawasha. Kompyuta hiyo haina macho. Hutegemea habari zinazoletwa na sensa za joto la maji, za wingi wa hewa, za mkao wa krenki na za oksijeni iliyobaki katika moshi. Nyingi ya sensa hizo hupewa volti 5 tu, na mkondo upitao humo ni sehemu chache za elfu moja za ampea. Sensa ya oksijeni ya aina ya kawaida hutoa volti kati ya 0.1 na 0.9. Nusu volti ikipotea njiani, taa ya mbele haitaonyesha tofauti kubwa; lakini kwa sensa ya namna hiyo nusu volti ni tofauti kati ya mafuta mengi na mafuta machache. Kompyuta ikidanganywa, hutoa amri zisizo sahihi, na injini hutoa moshi mweusi, hula mafuta au huzimika kwenye mlima.

Kwa hiyo ujuzi uliotosha kwa injini ya kabureta hautoshi kwa injini hii. Fundi hana lawama kwa mabadiliko hayo, lakini hapana budi ayatambue.

ADUI ALIYEKO HEWANI

Mnamo mwaka 1800 Alessandro Volta, mwanasayansi wa Kiitaliano, alitangaza chombo alichokitengeneza kwa kupanga vipande vya metali mbili tofauti na kuweka kati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Chombo hicho kilitoa umeme, nacho ndicho babu wa betri zote. Somo la Volta ni hili: metali mbili tofauti zikigusana mahali penye maji ya chumvi, umeme huzaliwa, na moja ya metali hizo huliwa.

Sasa msomaji na atazame kiunganishi kisicho na kinga katika gari linalolala Raskazone au Kigombe. Waya ni wa shaba, pini imepakwa bati, skrubu ni ya chuma, na bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa ni ya alumini. Upepo wa bahari huleta chembe za chumvi, ziwe za kaskazi au za kusi. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu, kama ajuavyo kila mpishi wa pwani ambaye chumvi yake huloa ndani ya kopo. Usiku chuma hupoa na umande hushika. Mchana jua huchoma. Kila usiku wa namna hiyo, mtu huwa amejenga betri ya Volta ndani ya injini yake bila ya kukusudia. Alumini huliwa mbele ya chuma, na chuma huliwa mbele ya shaba. Ndiyo maana waya wa ardhi uliofungwa kwa boliti ya chuma juu ya bati la alumini, pasipo kusafishwa wala kupakwa kinga, huacha unga mweupe baada ya masika machache, na gari zima hupatwa na maradhi yasiyoeleweka.

Shaba nayo hugeuka kijani, kisha nyeusi. Tena uharibifu haukai pale penye kiungo peke yake. Waya wa gari umefanywa kwa nyuzi nyingi nyembamba, na maji hupanda kati ya nyuzi hizo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kandili. Fundi aukataye waya mbovu huweza kukuta shaba ni nyeusi mbali kabisa na mahali pa kiungo. Hapo hana budi kuendelea kukata mpaka afikie shaba inayong'aa, kwa maana waya mweusi haushiki vema pini yoyote, hata iwe ya bei gani.

HESABU NDOGO YENYE MAANA KUBWA

Ubaya wa kiungo huweza kuhesabiwa kwa kanuni inayofundishwa shuleni: volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani, na joto linalozaliwa ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Tuseme pampu ya mafuta hutumia ampea 8. Kiungo kizuri chenye ukinzani wa omu 0.005 hupoteza volti 0.04 na hutoa joto la wati 0.32, ambalo mkono hauwezi kulihisi. Kiungo kilicholiwa na kutu, ambacho ukinzani wake umefika omu 0.1, hupoteza volti 0.8 na hutoa joto la wati 6.4. Joto hilo lote huzaliwa mahali padogo kama punje ya kunde. Plastiki hulainika, pini hupoteza mkazo wake, mgusano hulegea, na ukinzani huzidi. Ubaya huzaa ubaya.

Hapa lipo jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Fyuzi haimlindi mtu na hatari hii. Fyuzi hukatika pale mkondo unapozidi kiasi. Lakini kiungo kibovu hakiuongezi mkondo, bali huupunguza kidogo. Kwa hiyo kiunganishi huweza kuungua mpaka kikashika moto, hali fyuzi iko salama kabisa. Mtu anayesema kwamba gari lake haliwezi kuungua kwa kuwa lina fyuzi amejipa amani isiyo na msingi.

Hasara ya kawaida, hata hivyo, si moto. Ni fedha zinazotumika mahali pasipohusika. Mwenye daladala huambiwa kwamba pampu ya mafuta imekufa. Hununua nyingine, na kwa kuwa katika kuifunga fundi amezichezea waya, gari hupona kwa wiki mbili. Kisha ugonjwa hurudi, na safari hii lawama huangukia sensa. Baadaye huangukia kompyuta. Mchuuzi wa samaki aliyetoka Pangani usiku hukwama njiani na barafu yake ikayeyuka. Vipuri vizuri hutupwa na vingine huagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, wakati mwenye kosa ni kipande cha shaba kisichofika urefu wa kucha.

Kipimo cha kumkamata mwenye kosa huyo ni rahisi. Mita ya umeme huwekwa kwenye volti, ncha yake moja huguswa upande mmoja wa kiunganishi na ncha ya pili upande mwingine, hali injini inafanya kazi na chombo husika kinatumia umeme. Kwa viunganishi vingi vya injini, usomaji ukipita volti 0.1 kiungo hicho kinatiliwa shaka. Kupima omu wakati umeme umezimwa hakutoshi, kwa sababu mita hupitisha mkondo mdogo sana, na uzi mmoja uliobaki mzima huweza kuidanganya.

MASWALI SITA KABLA YA KUNUNUA

Fundi anayesuka upya waya za injini yampasa ajiulize maswali sita.

Swali la kwanza ni la mkondo. Kila pini ina kiasi chake. Viunganishi vya aina ya Weather-Pack, vilivyoenezwa na kampuni ya Packard Electric ya Marekani, hubeba hadi ampea 20 kwa pini. Vile vya Deutsch vya jamii ya DT hubeba ampea 13, na ndugu zao wadogo wa jamii ya DTM hubeba ampea 7.5. Viwango hivyo hupungua waya unapokuwa mwembamba au mahali panapokuwa na joto kali. Kwa hiyo si busara kukitumia kiunganishi mpaka ukingo wa uwezo wake. Waya wa stata, ambao huweza kubeba mamia ya ampea, haupiti kabisa katika viunganishi vya namna hii. Huo hufungwa kwa kikuku kizito cha shaba na nati.

Swali la pili ni la joto. Maji ya injini huzunguka yakiwa na joto la nyuzi 90 hivi za Selsiasi, na karibu na ekzosi joto hupita hapo kwa mbali. Waya wenye ngozi ya plastiki ya kawaida ya PVC, kwa kutegemea aina yake, huvumilia kati ya nyuzi 80 na 105. Waya uliotengenezwa kwa ajili ya chumba cha injini, ambao ngozi yake ni ya poliethilini iliyoimarishwa, huvumilia nyuzi 125. Waya wa nyumbani unaouzwa dukani kwa mita hauna mahali katika injini.

Swali la tatu ni la maji. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme imeweka alama za kuonyesha kinga. Chombo chenye alama ya IP67 hakiingizi vumbi, na huweza kuzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Lakini alama hiyo haisemi lolote kuhusu maji ya mashine ya kuoshea magari, ambayo hupiga kwa msukumo mkubwa. Kwa hayo ipo alama nyingine. Kijana wa kuosha magari anayeelekeza bomba lake kwenye injini huweza kuharibu kwa dakika moja kazi iliyovumilia masika nzima. Tena kiunganishi hupumua. Gari lenye injini ya moto likiingia ghafla katika maji ya mafuriko, hewa iliyomo ndani ya kiunganishi hupoa na kusinyaa, na kama mpira wa kuzuia maji umechoka, maji hunyonywa ndani.

Swali la nne ni la metali. Pini nyingi hupakwa bati, nazo hufaa kwa kazi za kawaida. Kwa sensa zenye mkondo mdogo sana, pini zilizopakwa dhahabu ni bora, kwa kuwa dhahabu haifanyi utando wa kutu, na mkondo mdogo hauna nguvu ya kuuvunja utando huo. Lakini pini ya dhahabu isiingizwe katika soketi ya bati. Ndoa hiyo ya metali mbili huharibika mapema kuliko bati kwa bati.

Swali la tano ni la unene wa waya. Kila pini imekusudiwa waya wa unene fulani, na kila mpira mdogo wa nyuma umekusudiwa kuubana waya wa unene fulani. Waya mwembamba ndani ya mpira mpana huacha mlango wazi. Vilevile tundu lisilotumika sharti lizibwe kwa kizibo chake. Kiunganishi chenye matundu sita na waya nne kina milango miwili ya kuingizia maji.

Swali la sita ni la kesho. Je, pini na mipira ya kiunganishi hicho itapatikana Tanga mwaka ujao? Kiunganishi bora ambacho pini yake haipatikani karibu si bora kwa mtu wa Tanga. Ni afadhali gereji ichague jamii moja au mbili za viunganishi, iweke akiba ya pini zake, na izitumie hizo daima, kuliko kuwa na aina kumi zisizo na vipuri.

Baada ya maswali yote hayo, fundi akumbuke kwamba kiungo kilicho salama kuliko vyote ni kile ambacho hakipo. Mahali ambapo waya huweza kupita mzima, upite mzima. Viunganishi viwekwe pale tu ambapo kitu hufunguliwa: kwenye sensa, kwenye ukuta wa injini, na pale injini inapotenganishwa na bodi.

KUBANA NA KULEHEMU

Kwa miaka mingi mafundi wengi wameamini kwamba kiungo kilichotiwa risasi ya kulehemu ni imara kuliko kilichobanwa. Katika redio iliyokaa juu ya meza hoja hiyo ina uzito. Katika injini hali ni tofauti. Risasi iliyoyeyuka hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuzigeuza kuwa fimbo moja ngumu. Pale ugumu unapokoma na ulaini kuanza, waya hukunjwa na mtikisiko maelfu kwa maelfu ya safari, hatimaye ukakatika ndani ya ngozi, pasipoonekana. Kiungo cha risasi chaweza kudumu iwapo waya umeshikiliwa usitikisike pande zote mbili. Lakini masharti hayo ni nadra kutimizwa juu ya injini ya dizeli.

Kubana kwa koleo halisi ni njia nyingine. Pini ya kisasa ina mabawa mawiliwawili: ya mbele huzikumbatia nyuzi za shaba, ya nyuma hukumbatia ngozi ya waya pamoja na mpira wake. Likibanwa kwa kipimo, bawa la mbele huzikandamiza nyuzi kwa nguvu kiasi kwamba hewa haibaki kati yake, na mahali pasipo na hewa kutu haina pa kuanzia. Bawa la nyuma huzuia mtikisiko usifike kwenye shaba. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa plaizi ya kawaida, sembuse kwa nyundo na patasi. Plaizi huponda, koleo la kubania hukunja mabawa yakaingia katikati ya nyuzi. Lile lenye meno yasiyoachia mpaka mkono ufike mwisho wa mbano humwepusha fundi na mbano nusu.

Kila pini iliyobanwa ivutwe kwa mkono kabla ya kuingizwa ndani ya nyumba yake. Ikichomoka, ni afadhali ichomoke mezani kuliko porini.

DAWA ZINAZOUA

Watu wengi huona maji yameingia, wakatafuta dawa. Dawa inayotumika sana ni silikoni ya kuzibia madirisha, ambayo humiminwa ndani ya kiunganishi mpaka kikajaa. Silikoni ya kawaida yenye harufu kali kama ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huishambulia shaba ile ile inayotakiwa kulindwa. Fundi huziba mlango hali mwizi yumo ndani. Grisi ya bearingi nayo si dawa, kwa kuwa mafuta yake huweza kuvimbisha aina kadhaa za mpira. Iliyokusudiwa ni grisi ya silikoni ya viunganishi, ambayo hupakwa kidogo tu kwenye mpira na mdomo wa kiunganishi.

Utepe mweusi wa umeme una kazi yake ya kukusanya waya, lakini si kinga ya maji. Kwa joto la injini gundi yake hulainika na kuachia, kisha utepe huyaficha maji badala ya kuyazuia. Viunganishi vya skrubu vya umeme wa nyumbani ni vibaya zaidi: skrubu hukata nyuzi, na mtikisiko huilegeza. Vile viunganishi vidogo vyenye rangi nyekundu, buluu na njano, vinavyouzwa kwa pakiti, vyafaa ndani ya gari penye ukavu; katika injini ya pwani havifai, isipokuwa vile ambavyo ngozi yake husinyaa kwa moto na kutoa gundi.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa maana ya kuziba maji. Fundi wa jahazi hukalafati kila mwungano wa mbao kwa pamba na mafuta kabla chombo hakijashuka majini. Hangoji kuona maji ndani ndipo aanze kutafuta kopo la kuyachotea. Tena huchagua kitu cha kuzibia kulingana na mbao na mahali pake. Busara hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa katika injini. Aidha, mdomo wa kiunganishi uelekezwe chini au pembeni, waya uachwe na tumbo kidogo ili maji yadondoke kabla ya kufika, na ufungwe karibu na kiunganishi ili uzito wake usiivute pini.

JE, GHARAMA HAIZIDI UWEZO?

Fundi mwenye uzoefu atauliza: ni nani atakayelipa? Mteja hulalamikia hata bei ya utepe. Swali hilo ni la haki na lastahili jibu la haki.

Kwanza, si lazima kila kitu kiwe kipya. Magari ya Japani yaliyokwisha safari yake yana viunganishi vya kampuni kama Yazaki na Sumitomo, ambavyo vilitengenezwa kwa uangalifu. Kiunganishi kilichotolewa kwenye gari la namna hiyo, kikiwa na mpira mzima, kufuli nzima na waya wenye shaba inayong'aa, mara nyingi huwa bora kuliko kipya kisicho na jina. Lakini kichukuliwe pande zote mbili, dume na jike, pamoja na kipande kirefu cha waya, wala kisikatwe kwenye shingo. Mtindo wa kukata waya karibu kabisa na soketi ndio unaowalazimisha watu kuunga kwa kusokota.

Pili, koleo la kubania ni gharama ya gereji, wala si ya mteja mmoja. Chombo hicho hununuliwa mara moja na hutumika kwa miaka. Gereji ndogo zilizo jirani zaweza kushirikiana chombo kimoja, kama wavuvi wanavyoshirikiana nyavu.

Tatu, hesabu ifanywe kamili. Upande mmoja iwekwe bei ya viunganishi, na upande wa pili ziwekwe siku ambazo gari halikuingiza fedha, bei ya pampu iliyonunuliwa bure, na gharama ya kuvutwa kutoka Segera mpaka mjini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa ni wa shilingi chache na ukuta ni wa malaki.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Si sawa kumwachia fundi mzigo huu peke yake. Vyuo vya ufundi vilivyo chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa mwaka 1994, vyapaswa kulifanya somo la kubana pini na kupima volti zilizopotea kuwa kazi ya mikono inayotahiniwa, na katika vyuo vya pwani somo la kutu lipewe nafasi ya pekee. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973, lina mahali pa kusaidia vikundi vya mafundi vipate makoleo ya pamoja. Shirika la Viwango, lililoundwa mwaka 1975, lina kazi ya kutazama viunganishi na waya zinazoingia nchini, maana pini ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba humdanganya mnunuzi ambaye hana namna ya kujua. Naye mwenye duka la vipuri afanye jambo dogo lenye faida kwake: aziuze pini na mipira kwa idadi na kwa jina lake, badala ya kuuza kiunganishi kizima tu.

Mwenye gari pia ana sehemu yake. Anapokubaliana na fundi juu ya kupandisha injini, aulize waya zitaungwaje, na akubali kulilipia jibu zuri. Aidha, adai mchoro. Karatasi moja inayoonyesha kila kiunganishi, rangi ya kila waya na mahali unapokwenda ni urithi kwa fundi atakayefuata, ambaye huenda akaliona gari hilo usiku, kwenye mvua, kwa mwanga wa tochi.

Mafundi wa Tanga wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuunganisha injini ya nchi moja na bodi ya nchi nyingine na gari likaenda. Kilichobaki ni kwamba gari hilo liendelee kwenda baada ya masika ya kwanza, ya pili na ya kumi. Uamuzi huo hufanywa siku ile fundi anaposimama mbele ya ncha mbili za waya, na mkononi ana ama koleo la kubania au utepe mweusi.